Picha ya Kichwa Changu Uliyoipeleka Barazani

Jang'ombe, Unguja,
Jumapili, 1 Septemba 2024.
Mwaka wa sita huu tangu niondoke Konde, Pemba.

Mpendwa ndugu yangu Suhaib,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuuliza hali kwanza, maana ndivyo tulivyolelewa, na yaliyobaki yatangoja zamu yake. Kifua chako kinaendeleaje? Bado kinakubana ukilala chali? Na mama yetu, Bi Mwanamwema, goti lake limepoa au bado anasali amekaa? Nasikia karafuu za mwaka huu zimezaa vizuri upande wa Konde. Kama ni kweli, namshukuru Mungu, na nakuomba usipande mkarafuu wewe mwenyewe na kifua hicho.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu mwenye maradhi yangu. Ikifika adhuhuri mguu wa kushoto hufa ganzi, na jicho la upande huo huona kama mtu anayetazama kwa ndani ya chandarua. Jua likipungua, narudi kuwa mtu. Nala vizuri na usingizi ninao.

Kazi bado ni ile nyumba ya Kiponda. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, hazitaki saruji, zinataka chokaa iliyolala shimoni wiki nyingi mpaka ikawa laini kama samli. Zamani nilikuwa juu ya jukwaa napiga lipu. Sasa wameniteremsha. Natunza shimo la chokaa lisikauke, na nachekecha mchanga kivulini. Joto ni adui wa maradhi haya, na msimamizi amelielewa hilo bila ya kugombana. Namshukuru.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Na hata ungepokea, mtu akisema haraka maneno hunipita. Nikiwa bado nalijibu la kwanza, la tatu limeshaondoka. Kalamu hunisubiri. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, kabla ya kwenda kazini. Nakuomba uisome kwa sauti mbele ya mama na mbele ya Sheikh Yussuf, kwa sababu wao ndio uliowaambia. Kwa hivyo mengine unayoyajua nitayaeleza kama vile huyajui. Usinione nimechanganyikiwa.

Alkhamisi iliyopita mwanangu Ilham alinipigia simu niko kazini. Hakusalimu.

"Baba, wewe mzima?"

"Mzima, mwanangu. Kwani vipi?"

"Ami Suhaib kasema huna akili tena. Kasema ataniozesha yeye kwa Shamsi, Ijumaa ya baada ya Maulidi. Sheikh Yussuf kakubali."

Nilikaa juu ya gunia la chokaa. Nikamwambia arudie. Akadhani sikuelewa, akaanza kulia. Nilielewa, Suhaib. Nilitaka kulisikia tena nijue kuwa siyo maradhi yaliyonitungia maneno hayo.

Sheikh Yussuf na ajue lilivyokuwa. Ramadhani iliyopita wazee wa Shamsi walikuja kumposa Ilham. Ulinipigia simu, nikakwambia Shamsi ni kijana mwema na ukoo wake naujua, lakini mtoto yuko mwaka wa pili wa uuguzi, amalize kwanza. Kama anamtaka atangoja. Ukasema, "Neno lako ndilo, kaka." Mimi nikalala nikijua mtoto wa marehemu Tahiya yuko mikononi mwa mtu wangu. Nilimwacha nyumbani mwako mama yake alipofariki, na siku hata moja sikupata kujiuliza kama nimemwacha pahala pabaya.

Sasa nasikia Shamsi amepata kazi Maskati na hataki kuondoka bila ya mke. Wewe hukunirudia kuniuliza mara ya pili. Uliona kwamba baba akiwa hai na akili zake timamu, hapana mwengine wa kumwozesha binti yake. Akiwa hana akili, uwalii unamwendea ami. Basi ukatafuta namna ya kunitoa akili.

Nitaeleza na hayo maradhi, ili anayesikiliza asihadithiwe na mtu mwengine.

Yalianza miaka mitatu nyuma. Miguu ilichoka kama si yangu, jicho likafunga ukungu, kisha likafunguka lenyewe baada ya wiki. Wenzangu walidhani nimerogwa. Nikawa nasahau. Natia mchanga kwenye mchanganyiko, nageuka, natia tena. Mtu akinipa maagizo mawili kwa pamoja, moja huanguka njiani. Ndipo wewe ulipopanda boti ukanifuata. Sitalificha hilo. Wiki mbili nzima ulinikogesha nilipokuwa siwezi kusimama, ukanifulia, ukanibeba mgongoni kwenye ngazi za hospitali. Kila mtu Jang'ombe aliniambia nina ndugu. Nami niliitikia, naam, ninaye.

Ulinipeleka mpaka Dar es Salaam kwenda kupiga picha ya MRI. Nililala ndani ya lile bomba likigonga kama watu wanaotengeneza mabati, na nilikuwa naogopa, na wewe ulikuwa unanishika kidole cha mguu nijue hukuondoka. Tuliporudi Unguja tukaenda pamoja kwa Daktari Shadya. Wewe ulikaa kiti cha kulia, mimi cha kushoto. Akaitundika picha kwenye taa.

Alisema yale madoa meupe ni makovu. Kwamba kinga ya mwili wangu imekosea, inakula ganda la mishipa ya fahamu, kama panya anayekula ganda la waya, na umeme ukifika pale unapunguza mwendo. Jina lake sklerosisi. Maradhi hayo hayaambukizi, hayakuletwa na mtu, na dawa yake haiyaondoi makovu ya zamani bali inazuia mapya.

Wewe ndiye uliyemuuliza, "Daktari, kwa hivyo akili inaondoka?"

Akakwambia, "Inachelewa. Kuchelewa na kuondoka si kitu kimoja."

"Lakini madoa mengi."

"Mengi, ndiyo. Nina mgonjwa mwenye madoa kuliko haya, anafundisha hesabu skuli. Na ninaye mwengine, picha yake ukiitazama utasema huyu mzima, na hawezi kufuata mazungumzo ya watu watatu. Picha inanionesha palipoumia. Hainioneshi anachoweza mtu. Hicho nakipima kwa kumuuliza."

Na akanipima mbele yako. Alinisomea maneno, nikayarudia, mengine yalipotea. Alinipa alama na namba za kuoanisha haraka; nilikuwa mzito, nilitoka jasho. Kisha akaniuliza mambo ya kuamua: mtu akikupa hivi na mwengine akikupa vile utafanya nini, na kwa nini. Hapo nilijibu yote. Aliandika, akasema, "Kasi imepungua na kumbukumbu imeguswa. Uamuzi wake uko sawa." Ulitingisha kichwa, Suhaib. Ulisema, "Alhamdulillah."

Yale maneno uliyasikia kwa masikio mawili. Njiani kurudi Pemba ukayatupa baharini.

Siku ya kuondoka ulisema, "Kaka, nipe hii picha nimpelekee mama. Akiiona kwa macho yake atatulia." Nikakupa bahasha nzima. Sikufikiri hata kidogo. Ungeniomba na kanzu niliyovaa ningeivua.

Ilham ameniambia ilivyokuwa. Mama hukumuonesha. Shamsi alipopata kazi ndipo ulipoipeleka barazani kwa Sheikh Yussuf baada ya sala ya alasiri, ukawasha tochi ya simu nyuma yake, ukawaonesha wazee madoa. Mmoja akauliza ni kitu gani kile cheupe. Ukasema, "Chokaa. Imempanda kichwani. Wenzake wenyewe ndivyo wanavyosema."

Sheikh, sikiliza hapa ilikotoka hiyo chokaa. Jaku, mtu wa Makunduchi ninayefanya naye kazi, aliiona picha ile siku niliyokuja nayo kazini kabla sijampa Suhaib. Jaku hawezi kukaa bila ya mzaha. Akaigeuza geuza juani, akasema, "Aa, Makungu, tunakutafutia daktari bure. Hii chokaa. Miaka yote unaivuta puani, ishafika juu. Sasa wewe tukupige rangi tu, umekwisha." Sote tulicheka. Suhaib alikuwepo, amekuja kuniletea chakula, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha mzaha wa fundi ameugeuza ushahidi. Na nyinyi wazee wangu mkaamini, kwa sababu mnajua kazi yangu ni chokaa na mmeona kitu cheupe. Siwalaumu. Mngekuwa mmeletewa picha ya mvuvi mngeambiwa ni chumvi.

Na la rakaa pia nimeletewa. Kweli, siku moja chumbani, Suhaib akiwa nyuma yangu, nilisali isha nikasimama kwa rakaa ya tano. Alisema "Subhanallah" nikakaa, nikaleta sijida ya kusahau. Baada ya salamu alinipiga begani akaniambia, "Usijali, kaka, hilo linampata kila mtu." Lile lile akaenda kulisimulia barazani, kwamba kaka hajui tena hata sala. Sheikh Yussuf, wewe ndiye uliyetufundisha sijida hiyo, mimi na huyu tukiwa chuoni kwako. Ulitufundisha kwamba imewekewa mtu anayesali akasahau. Hukutuambia kuwa aliyeileta ametoka katika akili.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa Daktari Shadya. Anataka nipigwe picha ya pili, ailinganishe na ya kwanza, aone kama yametokea makovu mapya na kama ubongo umesinyaa. Alisema kusinyaa ndiko kunakomtia yeye wasiwasi zaidi kuliko madoa, na hakuonekani ila kwa kuweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo atakapojua kama dawa inafaa au abadilishe.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Iko Pemba. Mama anaiangalia."

Akanitazama. "Makungu, ile ndiyo kipimo chetu. Mwambie ndugu yako airudishe."

Nilikutumia ujumbe. Hukujibu. Nikadhani umo mashambani. Kumbe dawa yangu inangoja, na picha inatembezwa barazani.

Lililoniuma kuliko yote nitakwambia. Ungenipigia simu ukasema, "Kaka, huwezi kusafiri, nipe uwakala nimwozeshe mimi," tungezungumza. Ningekwambia tumuulize Ilham. Akiwa ameridhika, ningekupa uwakala kwa mdomo wangu, na kwa furaha. Mababa wangapi wanawapa ndugu zao uwakala? Hapana aibu ndani yake. Ungekuwa umekaa pale pale unapotaka kukaa, umeshika mkono ule ule wa Shamsi, na mimi ningekuwa baba wa bibi harusi aliyeko safarini. Wewe uliona heri niwe baba asiyekuwepo duniani. Hukutaka kuniomba kwa sababu ulijua ningeuliza swali.

Sisemi kuwa mimi ni yule wa zamani. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya na wewe utajua. Kuna asubuhi naamka nikiwa na kichwa chepesi, na kuna asubuhi ni kama nimevaa kofia iliyolowa mvua. Majina yananikimbia. Jana nilimwita Jaku kwa jina la marehemu baba yetu. Kesho huenda ikawa zaidi, daktari hakunificha. Itakuja siku nitasema mwenyewe, Suhaib, nishike mkono, niamulie. Siku hiyo nilikuwa nimekuwekea wewe. Hilo ndilo uliloliharibu. Sasa nikifika huko nitamshika nani?

Nimekuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kuozesha. Wakati wa mapumziko Jaku hujifanya Shamsi. Anakaa mbele yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga taulo kichwani, nampa mkono, nasema: nimekuozesha binti yangu Ilham kwa mahari mliyokubaliana. Naye anajibu, "Nimekubali kumuoa," kwa sauti nyembamba ya bwana harusi anayeogopa, na mafundi wote wanapiga vigelegele kama wanawake.

Siku ya kwanza nilisema sawa. Siku ya pili ulimi uliniteleza, badala ya Ilham nikamtaja mama yake, Tahiya.

Jaku akaurudisha mkono wake kwapani. "Ahaa, mzee. Jana umenipa mtoto, leo unanipa mama. Haramu hiyo. Wataka nichomwe moto kwa ajili yako?"

Nilicheka na wenzangu, kisha nikaenda nyuma ya shimo nikakaa peke yangu. Unajua kwa nini. Nilikiona kile kikao, wazee wamejaa, ulimi umeteleza, na wewe unawageukia unasema, mnaona?

Nilimweleza Daktari Shadya kwa simu. Akasema, "Andika kwenye kipande cha karatasi usome. Mimi mwenyewe nawasomea wagonjwa majina yao." Nikamuuliza imamu wa msikiti wetu hapa kama kusoma kunaharibu ndoa. Akasema kinachotakiwa ni baba ajue anachokisema na akikusudie. Karatasi haina neno. Basi nitasoma. Hata nikisoma polepole. Watu wa Konde wana haraka gani?

Sasa salamu. Nisalimie mama kwa heshima zote; mwambie shikamoo yangu ya kila asubuhi inaitikiwa na Mungu hata kama yeye haisikii. Mwambie asikate tamaa na mimi wala asikugombeze mbele ya watu. Nisalimie mkeo Ulfat, najua maneno haya hakuyataka, kwa sababu yeye ndiye aliyemruhusu Ilham atumie simu yake. Usimkasirikie. Nisalimie wanao wote. Na Shamsi nisalimie, mwambie sina ugomvi naye, naye asinione adui. Mungu akuponye kifua, akuzidishie riziki, na akuvue hili ulilolivaa kabla halijakuzoea.

Ama kuja, nakuja. Msimamizi ameniruhusu. Nitapanda boti ya Alkhamisi, tarehe 12, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na alasiri nitakuwa Konde, siku chache kabla ya Maulidi. Nitapumzika siku ile. Siku ya pili nitakaa na Ilham, mama akiwepo, nimuulize mimi mwenyewe: sasa au baada ya masomo. Akisema sasa, ndoa itakuwa Ijumaa ile ile mliyoipanga, na mahari yatatajwa kwa mdomo wangu. Akisema baada ya masomo, nitakwenda kwa wazee wa Shamsi nikawaambie mimi, kwa miguu yangu, na gongo langu.

Kwa vyovyote, siku ya kuozesha utakaa kulia kwangu, pale pale ulipokaa kwa daktari. Nikikwama kwenye neno, sitaki uwageukie wazee. Ninong'oneze. Hiyo ndiyo kazi ya ndugu, na hiyo sijakunyang'anya.

Picha nataka niikute ndani ya bahasha yake, juu ya meza ya mama.

Ndimi kaka yako, ninayekupenda na niliyekukasirikia, yote mawili kwa akili zangu,

Makungu